Mtoto wa Nani kwenye Karatasi ya Mshahara?

Wazazi wakiachana, nani kati yao ana haki ya kumwandika mtoto ili apunguziwe kodi? Kwa Tanzania jibu ni fupi: hakuna. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 humtoza kila mtu kivyake, kwa kipato chake, na haina mahali inapouliza una watoto wangapi wala wanalala kwa nani. Mwendesha mtambo wa mgodi wa Geita mwenye watoto wanne na mwenzake asiye na hata mmoja, mishahara yao ikilingana, hukatwa sawasawa hadi shilingi ya mwisho.

Lakini mtoto yupo. Anakula, anaugua, anavaa sare, na nyuma yake kuna watu wawili ambao kila mmoja ana hesabu yake ya nani anayembeba. Kodi isipouliza, swali haliondoki. Huhamia kwenye fomu ya bima ya afya, kwenye daftari la kaya la Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), kwenye benchi la ofisi ya ustawi wa jamii na mwisho mahakamani. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, iliyohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5 kwa pamoja katika sensa ya 2022, swali hili lina uzito wake wa pekee, kwa sababu fedha ya huko ina tabia mbili zisizofanana hata kidogo: ipo inayopita kwenye karatasi ya mshahara, na ipo inayotoka ardhini ndani ya kiroba.

Tuanze na ya karatasi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazitozwi. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, kisha asilimia 20 hadi 760,000, asilimia 25 hadi milioni 1, na zaidi ya hapo asilimia 30. Chukua mfano wa wazazi wenza wawili. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi Kahama, na mshahara wake unaotozwa kodi ni 700,000, anakatwa 56,000. Baba ni fundi wa mgodi mkubwa Geita, mshahara unaotozwa ni milioni 2; anakatwa 428,000. Waliachana miaka mitatu iliyopita, na watoto wawili wanaishi kwa mama. Kabla ya kuachana makato ya kila mmoja yalikuwa hayo hayo. Baba akituma fedha za matunzo kila mwezi bila kukosa, haziondolewi kwenye kipato chake, kwa kuwa sheria huzihesabu kuwa matumizi ya nyumbani. Mama akizipokea kwa amri ya mahakama au kwa makubaliano ya maandishi, hazihesabiwi kuwa kipato chake cha kutozwa. Na baba asipotuma hata senti, kodi ya mama haishuki. Mbele ya kodi, baba anayetunza na baba aliyetelekeza ni mtu mmoja.

Haikuwa hivi siku zote. Kodi ya mapato ilipoingia Tanganyika mwaka 1940 ilikuja imevaa nguo za Kiingereza, pamoja na nafuu ya mke na nafuu ya watoto, na waliozifaidi walikuwa hasa Wazungu na Waasia. Mwafrika wa Usukumani alikuwa na kodi yake, ya nyumba na ya kichwa, ambayo Waingereza waliiwekea sheria mwaka 1922 baada ya kuirithi kwa Wajerumani. Kodi hiyo haikumhesabu mtoto. Ilihesabu nyumba, ikahesabu mwanamume, na mwenye wake wengi alitozwa pia kwa wake wa ziada. Nchi moja, sheria mbili: mtoto wa karani wa Kizungu alipunguza kodi ya baba yake, mtoto wa mkulima wa pamba Shinyanga hakupunguza kitu.

Wasukuma wenyewe, hata hivyo, walikuwa na hesabu ya watoto iliyo kali kuliko ya serikali yoyote. Ng'ombe wa mahari ndio walioamua mtoto ni wa ukoo gani. Mahari ikilipwa, watoto ni wa upande wa baba; isipolipwa, ni wa upande wa mama. Ndoa ikivunjika, ng'ombe wa kurudishwa walipungua kadiri watoto waliozaliwa walivyokuwa wengi, kwa sababu baba alikuwa amekwisha kupata alichokitolea mali. Sheria za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 ziliuweka mwelekeo huo kwenye maandishi: mtoto wa ndoa ni wa baba. Watu wa pwani nao wanasema kitanda hakizai haramu, na maana ni ile ile, kwamba mwenye ndoa ndiye mwenye mtoto. Angalia kinachokosekana katika hesabu hizo zote. Zinasema mtoto ni wa nani. Hazisemi nani atanunua daftari mwezi huu.

Huko ambako kodi inauliza, wamelazimika kujibu swali hili la pili, na njia walizotumia zinatufundisha jambo. Marekani mwenye haki ni mzazi ambaye mtoto amelala kwake usiku mwingi zaidi katika mwaka. Usiku ukilingana, haki huenda kwa mwenye kipato kikubwa zaidi. Anayeishi na mtoto anaweza kumwachia mwenzake nafuu hiyo kwa kujaza Fomu 8332, na mahakama za talaka huko hutumia fomu hiyo kama kete ya mapatano: wewe chukua nafuu, mimi niongezee matunzo. Kwa kodi ya mwaka 2025 nafuu yenyewe ilifika dola 2,200 kwa mtoto mmoja, fedha za kutosha kuwagombanisha watu waliokwisha kugombana. Waingereza walichagua njia nyingine. Kuanzia 1977 waliondoa hatua kwa hatua nafuu ya mtoto iliyokuwa inapunguza kodi, mara nyingi ya baba, na mahali pake wakaweka posho ya mtoto inayolipwa taslimu, kwa kawaida mkononi mwa mama. Kulikuwa na hofu kubwa kisiasa, maana wanaume wangeona mshahara wa mkononi unapungua. Waliipitisha hata hivyo, na posho hiyo ipo hadi leo.

Je, Tanzania nayo irudishe nafuu ya mtoto kwenye mshahara? Kila msimu wa bajeti wafanyakazi huomba kodi ya ajira ipunguzwe, na wazo la kumfikiria mwenye watoto lina mvuto wa haki. Mimi silikubali, na sababu yangu ni hesabu. Tuseme kila mtoto anampa mzazi msamaha wa shilingi 100,000 za kipato kwa mwezi. Fundi wetu wa Geita, anayetozwa asilimia 30 juu ya shilingi zake za mwisho, ataokoa 30,000. Mwalimu wa Kahama, aliye kwenye asilimia 20, ataokoa 20,000. Mama ntilie wa Katoro anayelea watoto watatu bila baba ataokoa sifuri, maana mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato kabisa, na huwezi kupunguza kisichokuwepo. Msaada uliobuniwa kwa ajili ya mtoto utakuwa mkubwa pale kipato kilipo kikubwa na utatoweka pale mtoto anapolala njaa. Hata ukiweka kiasi kimoja kwa wote, mama ntilie anabaki nje ya mlango. Na kwa wazazi walioachana utakuwa umeongeza ugomvi mpya juu ya ule wa zamani, huku mwenye mshahara mnono akiwa na sababu ya kumng'ang'ania mtoto kwenye makaratasi bila kumng'ang'ania nyumbani.

Ugomvi wa namna hiyo upo tayari, kwa udogo, kwenye bima ya afya. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi 2001, huchukua asilimia 6 ya mshahara, nusu kwa mfanyakazi na nusu kwa mwajiri, na humruhusu mwanachama kuandikisha wategemezi hadi 5, mwenza wake akiwemo. Mzazi aliyeachana akaoa tena anazo nafasi zile zile 5: mke mpya, watoto wapya, pengine na mama yake mzazi aliyeko Bariadi. Mtoto wa ndoa ya kwanza anakuwa wa kupanga foleni katika orodha ya baba yake. Nafasi ikipatikana, kadi hutoka kwa jina la uanachama wa baba, na mama anayekaa na mtoto lazima ahakikishe kadi hiyo iko kwake usiku homa inapopanda. Kwa wasio na ajira rasmi kulikuwa na Toto Afya Kadi ya shilingi 50,400 kwa mwaka, ambayo mzazi yeyote angeweza kumlipia mtoto bila kuulizwa ameoa au ameachana. Usajili wa mtoto mmoja mmoja uliposimamishwa Machi 2023, walioumia haraka ni wale ambao watoto wao hawakuwa kwenye orodha ya mtu. Mwishoni mwa mwaka huo huo ikapita sheria ya bima ya afya kwa wote. Kwa macho yangu, kipimo cha sheria hiyo kitakuwa mtoto wa wazazi walioachana: je, atakatiwa kadi kwa kuwa ni mtoto, au kwa kuwa kuna mtu mzima aliyekumbuka kumwandika?

Sasa tuingie kwenye matunzo yenyewe. Hapo sheria ya Tanzania haijanyamaza kama kodi ilivyonyamaza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ni wajibu wa mwanamume kuwatunza watoto wake, wawe wanaishi kwake au kwa mtu mwingine. Inasema pia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni vema akae na mama, mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa waliozaa bila ndoa hali ilikuwa ya aibu kwa muda mrefu: sheria ya enzi ya ukoloni ilimruhusu mama kumdai baba matunzo yasiyozidi shilingi 100 kwa mwezi, na kikomo hicho kilibaki kwenye vitabu hadi thamani yake ikawa haifiki bei ya kipande cha sabuni. Kilifutwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Sheria hii haina kiwango maalumu. Inamtaka hakimu apime kipato na mali za wazazi wote wawili, mzigo wa watoto wengine alio nao kila mmoja, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi.

Kwa fundi wetu wa mgodi mkubwa kazi hiyo ni nyepesi. Karatasi ya mshahara ipo, mwajiri yupo, na sheria ya ajira inaruhusu makato yanayotokana na amri ya mahakama. Mama akipata amri, fedha hukatwa kabla hazijamfikia baba, kama kodi inavyokatwa. Hii ndiyo njia bora tuliyo nayo, na inanisikitisha kwamba akina mama wengi hawaijui. Huishia kwenye ahadi zinazoandikishwa kwa mtendaji au ustawi wa jamii, ahadi ambazo mwezi wa kwanza zinatimizwa, wa pili nusu, wa tatu simu haipokelewi.

Kwa mchimbaji mdogo mambo yanageuka kabisa. Nenda Mgusu, Nyarugusu, Rwamgasa, au ng'ambo ya Shinyanga kule Mwakitolyo. Yupo mwenye leseni. Yupo mwenye duara, yaani aliyetoa mtaji wa kuchimba shimo, kununua matimba na kulisha vijana. Wapo vijana wenyewe wanaozama. Mawe yakitoka, watu hawalipwi mshahara, wanagawana viroba. Kila mmoja hupeleka mgawo wake kwenye karasha kusaga mawe, kisha mwaloni kuosha, na mpaka dhahabu ichomwe hakuna ajuaye alichopata. Unaweza kuzama miezi minne ukitoka na mawe matupu, ukiishi kwa chakula cha mkopo cha mwenye duara, halafu siku moja ukapata milioni kadhaa ndani ya kiroba kimoja. Hakimu anayetaka kuandika kiasi cha kila mwezi aandike nini? Akiandika kikubwa, amri haitekelezeki miezi minne ya ukame. Akiandika kidogo, siku dhahabu itakapotoka mtoto hatakuwa na sehemu yake, na kila aliyeishi machimboni anajua siku hiyo fedha huishi muda gani.

Kisha kuna miguu. Dhahabu ikisikika mahali pengine, mfumuko huvuta vijana kwa maelfu ndani ya wiki. Leo yuko Geita, mwezi ujao Kahama, mwaka ujao Chunya. Sheria ya Ndoa inasema wajibu wa kutunza unamhamia mama iwapo baba amefariki, hana uwezo, au hajulikani alipo. Maneno hayo mawili, hajulikani alipo, yaliandikwa yawe mlango wa dharura. Katika ukanda wa dhahabu ndio mlango mkuu watu wanaopitia. Mwaka 2018 aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alipowaita wanawake waliotelekezewa watoto wafike ofisini kwake, umati uliojitokeza uliishangaza nchi. Na hao waliwatafuta wanaume wa mji ambao angalau una mitaa na majina ya mitaa.

Ipo hata hivyo alama moja mpya. Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, na mengine yakafuata Kahama na kwingineko. Dhahabu inayouzwa humo hupimwa na kuandikwa, na kwa kawaida hukatwa mrahaba wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Tangu Sheria ya Fedha ya 2022 mchimbaji mdogo hukatwa pia kodi ya mapato ya asilimia 2 ya malipo, papo hapo, mambo yakaisha. Kodi hiyo nayo haiulizi mtoto. Lakini inaacha maandishi, na kwa mama anayedai matunzo maandishi ni mali. Kwa mara ya kwanza kuna mahali Serikali inajua kuwa mtu fulani, siku fulani, aliuza gramu kadhaa. Sheria ya Mtoto inamtaka hakimu apime kipato; sioni kwa nini asiitishe kumbukumbu za soko kama anavyoitisha karatasi ya mshahara, na kwa nini amri ya matunzo kwa mchimbaji isiandikwe kwa sehemu ya mauzo badala ya kiasi cha mwezi. Machimboni watu wameishi kwa mgawo tangu zamani. Mwenye leseni ana wake, mwenye duara ana wake, hata mwenye karasha ana wake. Mgawo wa mtoto ungeeleweka kwa mchimbaji upesi kuliko neno lolote la kisheria.

Udhaifu wa wazo hili nauona. Anayeuza sokoni mara nyingi ni mwenye leseni, mwenye duara au mnunuzi wa kati, si kijana aliyezama. Jina la kijana halipo popote, na kabla ya kudaiwa matunzo lazima pia ithibitike kuwa ni baba. Hapo Sheria ya Mtoto imetoa njia zaidi ya moja: jina kwenye rejista ya vizazi, sherehe ya kimila aliyoifanya baba, kumkiri mtoto hadharani, kukataa kupimwa. Kipimo cha vinasaba kipo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, lakini kwa mama wa Bukombe kina safari na gharama. Baba akifa, maombi ya kuthibitisha uzazi yana muda wa miaka 3 tu. Sharti hilo linauma zaidi mahali ambapo watu hufia chini ya ardhi. Mwaka 2015 wachimbaji 5 walikaa siku 41 wamefukiwa kwenye shimo la Nyangalata, Kahama, wakatoka hai. Waliofukiwa wasitoke, kama walikuwa vibarua wa duara wasio na mkataba, hawakuwa kwenye orodha ya mwajiri yeyote aliyewachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na watoto wao hawana mahali pa kwenda kudai pensheni. Kwa mtoto wa hali hiyo cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba kina thamani kuliko nafuu ya kodi ya nchi yoyote. Ndiyo maana nauthamini sana mpango wa RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi, wa kusajili watoto walio chini ya miaka 5 bila malipo, huko huko vituo vya afya na ofisi za kata, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 kisha ukasambaa mikoani.

Na je, Serikali ikitaka kumpa mtoto fedha moja kwa moja? Mfano wake tunao, na haukutoka Ulaya. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF hulipa ruzuku kwa kaya, ukitazama kama watoto wanakwenda shule na kliniki, na mpokeaji mara nyingi ni mwanamke wa nyumba hiyo. Hauulizi nani alilipa ng'ombe wala nani ana karatasi ya mshahara. Unauliza mtoto anaishi kaya ipi, na fedha zinamfuata huko. Una mipaka yake: kiasi ni kidogo, na anayelengwa ni maskini wa kupindukia, kwa hiyo mwalimu wetu wa Kahama haingii. Lakini swali lake ndilo ningependa kuliona kwenye fomu ya bima ya afya na kwenye kila posho ya mtoto itakayobuniwa siku za mbele.

Mwalimu huyo, wakati huo wote, anaendelea kukatwa 56,000. Akifungua shauri Mahakama ya Watoto na kupata amri ya robo ya mshahara wa baba wa watoto wake, atapokea shilingi 500,000 kwa mwezi, zisizotozwa kodi. Nafuu ya watoto wawili katika ule mfano wetu ingempa 37,600.